Mwanao hutoka darasani na nani?

Uonevu hushamiri pale ambapo jicho la mwalimu wa zamu halifiki: nyuma ya vyoo, kwenye foleni ya mihogo saa nne, njiani wakati wa kurudi nyumbani. Kwa hiyo usianze kwa kumuuliza mwanao nani anampiga. Muulize, kengele ikilia unatoka na nani? Akisita, hapo ndipo pa kuanzia.

Mwonevu hutafuta aliye peke yake, asiye na wa kumsemea. Watafiti waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule za Toronto, Kanada, walichapisha mwaka 2001 walichokiona: wenzao walikuwepo wakitazama karibu mara 9 kati ya 10, lakini walioingilia ni wachache mno. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10.

Rafiki mmoja anatosha, mradi wapendane wote wawili. Hapa Tanga watoto wengi huenda shule kwa miguu, na njia ndiyo inayowaunganisha. Mwache mtoto ataje mwenyewe anayempenda, kisha nenda kwa mzazi wake, iwe Ngamiani au Makorora, useme, "Mama Fulani, naomba wanetu waongozane." Wapangieni pa kukutana na saa. Jumamosi waachieni muda wa saa mbili wacheze bila kusimamiwa. Urafiki wa kuamrishwa haufiki mwezi.

Wafundisheni neno moja, "Twende zetu," mkono ushikwe, waelekee penye watu. Wasirudishe ngumi, wakipigana, wote huishia ofisini na aliyeanza hajulikani tena.

Kosa tunaloliona sana ni kuunganisha watoto wawili wanaoonewa wote. Watapeana faraja, na hilo si dogo, lakini hakuna atakayethubutu kusema "mwache". Tafuta msemaji, hata awe na kimo kidogo. Kingine ni rafiki wa kuhongwa: mtoto unampa hela ya kula kila siku, bado anarudi na njaa. Siku hela ikikosekana, na rafiki haonekani.

Akipigwa, akinyang'anywa au akishikwashikwa mwili, usimwachie rafiki mzigo huo. Siku hiyohiyo nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa umeandika tarehe, saa na mahali. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bila malipo. Na ukiwa hapohapo ofisini, mwombe mwalimu awakalishe mwanao na rafiki yake dawati moja.