Beki ana nguvu lakini anatugharimu: maswali na majibu

Maswali mengi tuliyopokea safari hii yanamhusu mtu wa aina moja: beki wa kati mwenye mwili, anayeruka juu na asiyeogopa mtu, lakini kila baada ya mechi kadhaa anafanya kosa linalozaa goli. Tumeyajibu tuliyoona yatawafaa wengi.

Assalamu alaykum. Timu yetu hapa Mkoani ina beki kisiki kwelikweli. Mipira ya juu yote yake. Tatizo, msimu huu ameshatoa penalti mbili na pasi moja ya nyuma iliyomkuta mpinzani. Viongozi wamegawika, wengine wanataka awekwe benchi. Nyinyi mnasemaje? (Msomaji, Mkoani, Pemba)

Waalaykumu ssalaam. Msimtoe bado, lakini msimwache hivyo alivyo.

Viongozi wenu wamegawika kwa sababu kosa la beki linaonwa na kila mtu, na kazi yake nzuri haionwi na mtu. Penalti inazungumzwa barazani mwezi mzima. Mpira wa kichwa aliouondosha dakika ya 30 umeshasahauliwa kabla ya mapumziko. Dawa yake ni daftari. Mtafuteni mtu mmoja asiye na jazba, akae pembeni mwa kiwanja kwa mechi tano na amwandike beki huyu peke yake. Aandike mambo manne tu: mipira aliyoshinda ikabaki kwenu; mipira aliyoshinda ikatoka nje au ikarudi kwa mpinzani; faulo na mahali alipozicheza; na makosa yaliyompa mpinzani nafasi ya kupiga golini, hata kama kipa aliokoa. Hili la mwisho msilidharau. Kosa lililookolewa na kipa ni kosa lile lile, bahati tu ndiyo iliyotofautiana.

Baada ya hapo yapeni uzito. Kwa wastani, katika penalti nne hufungwa kama tatu, kwa hiyo kila penalti mhesabuni robo tatu ya goli. Faulo ya katikati ya kiwanja haina gharama kubwa, ila kadi ikifuata. Faulo ya mita 20 kutoka golini inategemea mpigaji waliyenaye wapinzani. Pasi iliyokatwa mbele ya goli lenu, huku mabeki wenzake wameshatawanyika kuusubiri mpira, ni hatari kubwa sana. Pasi hiyo hiyo ikikatwa pembeni, jirani na mstari wa kurushia, bado mna muda wa kurudi.

Faida yake nayo ina mahali pa kuitazamia, na si kwenye mipira aliyoshinda tu. Mwangalieni mshambuliaji anayemkabili. Akishapigwa bega mara mbili tatu, je, anahamia kwa beki wa pili? Anaanza kushuka kuufuata mpira mbali na goli? Kipa wao, aliyekuwa akipiga mipira mirefu upande wa beki wenu, amebadili upande? Mkiona haya ndani ya dakika 20 za mwanzo, jueni beki wenu ameshawafanyia kazi ambayo daftari halitaionesha. Ongezeni mstari wa tano kwa ajili yake.

Tukija kwenye makosa yenyewe, yachambueni kwa chanzo, kwa sababu dawa zinatofautiana. Lipo kosa la mguu: pasi imepigwa vibaya ingawa wazo lilikuwa sahihi. Hilo linapungua kwa mazoezi, na kwa kumkataza kupiga pasi ya kukata mbele ya goli. Lipo kosa la uamuzi: ametoka kumfuata mshambuliaji ilhali hawezi kumfikia. Na lipo kosa la kasi: alisimama vizuri, akaamua vizuri, lakini kapitwa. Hilo la tatu halitibiki ndani ya msimu. Linafichwa kwa kurudisha mstari wa mabeki nyuma mita tano hadi kumi, na gharama yake ni kwamba viungo wenu watakuwa na eneo kubwa zaidi la kukimbia.

Kabla ya kumhukumu kwa zile penalti mbili, rudini sekunde kumi nyuma. Nani aliupoteza mpira? Beki wa pembeni alikuwa wapi? Mara nyingi kisiki ndiye anayechomwa kwa moto uliowashwa na kiungo. Kama zote mbili zilitokana na kuvuta jezi, hiyo ni tabia, na tabia inaachishwa. Kama zote mbili alichelewa kwa hatua moja, rudini kwenye mstari wa mabeki.

Refa alitoa penalti na kadi nyekundu kwa beki wetu. Wiki iliyofuata, mechi nyengine, penalti na njano tu. Mbona sheria haieleweki? (Msomaji, Wete)

Inaeleweka, ila watu wengi bado wanaikumbuka ile iliyokuwepo kabla ya mwaka 2016. Beki akimnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga kwa faulo ndani ya kumi na nane, refa hutazama aliufuata mpira au hakuufuata. Kama aliufuata mpira akachelewa, ni penalti na njano. Kama alishika, alivuta au alisukuma, au hakuwa na uwezekano wowote wa kuufikia mpira, ni penalti na nyekundu. Faulo ya namna hiyo nje ya kumi na nane ni nyekundu kwa vyovyote, hata kama aliufuata mpira.

Nafasi ya wazi nayo ina vipimo vyake: umbali hadi golini, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki waliobaki, wangapi na wako wapi. Hatari ya mguu ina ngazi tatu. Uzembe ni faulo bila kadi, kutojali hatari kwa mpinzani ni njano, na nguvu iliyopita kiasi ni nyekundu, hata kama mpira aligusa mwanzo. "Nimecheza mpira, refa!" haisaidii kama nyayo imemfikia mtu kifundoni.

Jambo moja ambalo mabeki wetu hulisahau: ukianza kumshika mtu nje ya kumi na nane ukaendelea kumshika hadi ndani, ni penalti. Mwachieni kabla ya mstari.

Nafundisha watoto wa miaka 11 na 12 Kikwajuni. Nataka wawe na nguvu bila ya kucheza faulo. Nianzie wapi? (Mwalimu wa skuli)

Anzia miguuni, mwalimu, mabega yatafuata. Mtoto anayeingia kwa pupa utamjua kwa mguu wa mbele: umenyooka na nyayo yote imelala chini. Akishafika hapo hawezi tena kugeuka, na mshambuliaji akiusukuma mpira pembeni kidogo tu, kilichobaki kwake ni kuvuta jezi au kukata mguu. Faulo nyingi za watoto huanzia hapo, wala si ukorofi.

Mfundishe hivi. Akimkaribia mwenye mpira, apunguze mwendo hatua tatu za mwisho na azifupishe. Asimame ubavu, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, uzito kwenye vidole. Umbali uwe mkono mmoja. Macho yawe kwenye mpira, yasiwe kwenye kiuno wala uso. Angoje hadi mpira uuache mguu wa mpinzani, na hapo ndipo aingie, kwa bega kwenye bega, mkono ukiwa karibu na mwili. Kiwiko kikipanda juu, hiyo si nguvu tena. Sheria inaruhusu kusukumana bega kwa bega mpira ukiwa karibu wa kuchezeka. Mpira ukiwa mbali ni faulo hata kama bega limekwenda sawasawa.

Zoezi lake: chora kisanduku cha mita 10 kwa 5. Watoto wawili wasimame bega kwa bega kwenye mstari mmoja, wewe uviringishe mpira mbele yao, na anayefika nao mstari wa pili amepata. Kila jozi mara sita, wapumzike, ubadilishe jozi kwa kulinganisha uzito. Kuteleza chini kukataze kabisa kwa mwezi wa kwanza, maana mtoto akijua kuteleza kabla ya kujua kusimama, hatajifunza kusimama. Na vichwa visiwe vya kurudiarudia. Shirikisho la soka la Marekani limevikataza kabisa kwa watoto wa miaka 10 kwenda chini kwa ajili ya usalama wa ubongo, na sisi hatuoni sababu ya kuwa na haraka.

Kijana wangu ni hodari lakini si mrefu. Kocha anasema hafai kucheza beki wa kati. Kweli? (Mzazi, Jang'ombe)

Urefu unasaidia, mzazi wetu, lakini kumkataa mtoto kwa urefu peke yake si haki. Fabio Cannavaro, mwenye urefu wa kama mita 1.76, aliiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia 2006 na mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Ndiye ambaye Nadir Haroub wetu, mzaliwa wa Zanzibar aliyefika kuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, aliitwa kwa jina lake.

Italia ya mwaka ule inafaa kutazamwa kwa mada yetu yote. Mashindano mazima ilifungwa magoli mawili tu: moja la kujifunga wenyewe dhidi ya Marekani, na jengine penalti ya Zidane wa Ufaransa katika fainali. Yaani hakuna mpinzani aliyewafunga kwa mchezo wa kawaida. Waliumizwa na makosa ya mabeki wao peke yake. Na penalti ile ilitolewa kwa kosa la Marco Materazzi, beki wa mwili na ugomvi. Dakika 12 baadaye ni yeye Materazzi aliyeruka kwenye kona akasawazisha kwa kichwa. Ukimpima kwa dakika ya 7 tu, ungemtoa. Kocha alimwacha, na Italia ikachukua kombe kwa penalti, moja yao ikiwa ya Materazzi.

Niko Toronto. Wanangu wamenitia kwenye hoki ya barafuni. Timu yetu ina beki anayewabamiza watu ukutani, mashabiki wanampenda, lakini kila siku anapoteza mpira mbele ya goli letu. Huko wanapimaje? (Mzanzibari, Kanada)

Kipimo ni kile kile, hesabu tu ndiyo tofauti. Kule kosa dogo la adhabu humtoa mchezaji nje dakika mbili, timu ikabaki na watu wanne dhidi ya watano, makipa ukiwaacha. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, muda huo huzaa goli takriban mara moja katika tano. Linganisha na penalti yetu, tatu katika nne. Kwa hiyo beki wa barafuni anaweza kubeba makosa ya nguvu ambayo wa kwetu hawezi kuyabeba. Adhabu ya dakika tano ni nzito zaidi, kwa sababu goli likiingia haikatizwi, wakati ile ya dakika mbili hukatika.

Ila tahadhari na idadi ya kubamiza inayooneshwa kwenye runinga. Ili umbamize mtu kihalali lazima yeye awe na paki, ile sahani ya mpira mgumu. Timu inayobamiza sana huenda ni timu isiyokuwa nayo. Tazama kinachofuata: baada ya mtu kugonga ukuta, paki ilikwenda kwa nani? Ikiwa kwa wenzake, hiyo ni kazi. Ikiwa beki amelifuata windo hadi kona na kuacha tundu mbele ya kipa, ni hasara hata kama uwanja mzima umesimama kushangilia.

Pia usimhukumu kwa ile hesabu ya kuongeza na kupunguza, ambapo kila aliyekuwepo barafuni goli likiingia hupata au hupoteza alama. Mwenziwe wa jozi na kipa wake wanaiharibu. Na angalia muda: wale hubadilishana kila sekunde 45 hivi. Beki aliyekwama barafuni zaidi ya dakika moja anapoteza paki kwa uchovu, na hapo kosa ni la benchi lililochelewa, au la kwake kwa kung'ang'ania.

Beki akikosea dakika ya tano, nimtoe mapumziko? (Kocha, Chwaka)

Kwa kosa la mguu, hapana. Kwa kadi ya njano, tazama anayemkabili: kama ni mtu wa mbio, na beki wako ni mzito, mbadilishie upande na mwenziwe mara moja kabla hujafikiria kumtoa. Kama baada ya njano ameshacheza faulo nyengine moja, mtoe. Refa ameshamweka machoni.

Na mvua za masika? (Msomaji, Chake Chake)

Mvua inamsaidia kisiki kwenye kubanana na kumwangusha kwenye kupiga pasi. Kiwanja cha udongo kikishika maji, mpira wa chini unakwama. Nyasi bandia zikilowa, mpira unateleza na kuongeza kasi baada ya kudunda. Kwenye udongo mkatazeni kumrudishia kipa mpira wa chini, apeleke pembeni au auondoshe mbali. Kwenye nyasi bandia asimame hatua mbili nyuma ya pale anaposimama siku ya jua, asiungoje mpira udunde, na aepuke njumu ndefu za chuma. Fupi na nyingi zinashika vizuri zaidi na haziumizi goti anapogeuka.