Anko, mshale wa VOR unanikimbia

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni kijana wa Morogoro, nna simuleta ya ndege kwenye kompyuta ya bro, kupaa na kutua nshajua kama hali ya hewa ni nzuri. Sasa nataka kuruka kwa geji tu, bila GPS. Kila siku natoka Zanzibar kwenda Dar na Cessna 172, nafungua VOR ya Dar, ule mnara wa redio wa kuongozea ndege, najaza mawingu hadi sioni kitu. Nimeweka digrii 360 maana Zanzibar iko kwenye radiali hiyo, yaani mstari wa kutoka mnarani. Mshale ukienda kushoto naufuata kushoto, unazidi kwenda, naufuata tena, mwisho niko baharini huko au ndege imelala ubavu inaanguka. Nakosea wapi? Halafu maza anasema nacheza gemu tu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye 360 ndo umejimaliza mwenyewe. Usijisikie vibaya, mi nililaumu programu wiki mbili nzima kwa kosa hilohilo.

Iko hivi. Mnara wa VOR unatoa ishara mbili, redio yako inapima zinavyopishana, kutokana na hapo inajua uko kwenye radiali ipi ukihesabu kutoka mnarani. Basi, haijui kingine. Haijui pua ya ndege imeangalia wapi, ungeweza kuwa unaruka kinyumenyume mshale ungesema yaleyale. Zanzibar iko karibu kaskazini kabisa mwa uwanja wa Dar, kama maili 39 za baharini, kwa hiyo ni kweli uko kwenye radiali 360 au digrii chache pembeni yake, lakini wewe unakwenda kusini, unaruka 180. Ukizungusha kile kinobu cha OBS, cha kuchagulia njia, ukaweka 360 kale kadirisha kanaandika FROM, yaani geji inadhani unakimbia mji wakati wewe unaufuata, na kushoto na kulia vinabadilishana. Mshale uko kushoto, njia iko kulia kwako. Ukikata kushoto hapo unaelekea mashariki, na mashariki kuna nini? Bahari ya Hindi, ndo maana kila siku unaishia majini.

Dawa ni kuweka kule unakokwenda, sio kule uliko. Weka 180, hakikisha imeandika TO, sasa mshale ukienda kushoto na njia iko kushoto kweli. Kabla hata ya kupaa chukua karatasi, chora mnara, chora kindege juu yake kinashuka kusini, andika 360 na 180. Ukishindwa kuchora hutaweza hewani, nakwambia ukweli.

Halafu acha kuukimbiza. Mshale ukigonga ukingoni maana yake umetoka digrii 10 au zaidi, kila nukta ni digrii 2. Ila digrii sio maili! Ukiwa maili 39 kutoka mnarani digrii 10 ni karibu maili saba, ukibaki na maili 3 digrii hizohizo ni nusu maili tu. Kwa hiyo ukiwa mbali mshale mvivu, unakata kona unasubiri hausogei unadhani bado unaongeza, na ukikaribia unakuwa na wasiwasi kama kuku aliyeona mwewe. Kata digrii 10 tu kutoka hedingi yako, yaani kule pua ilikoelekea, ishike, subiri. Mshale ukirudi katikati rudisha nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndo ya upepo. Ukitumia hali ya hewa ya kweli mwezi Januari kaskazi inakupiga nyuma kutokea kushoto inakusukuma bara, sa hapo hedingi ya 175 inaweza kukushikilia kwenye njia vizuri kuliko 180. Na ukifika juu ya mnara mshale utacheza hovyo na TO itapotea, usifanye kitu, shika hedingi tu mpaka itokee FROM.

Kuhusu kulala ubavu, hilo ni jicho. Unakodolea VOR unasahau ile geji ya katikati yenye bluu na kahawia, ambayo ndo upeo wako ukiwa mawinguni. Macho yatoke pale yaende hedingi yarudi pale, yaende geji ya futi za kimo yarudi pale, VOR uichungulie tu. Na kona zako ziwe za digrii 3 kwa sekunde, kugeuka nyuma mzima ni dakika moja kamili, tumia saa. Ile safari yote kwa Cessna ni kama dakika 20 kwa hiyo huna haraka yoyote. ILS, ile redio ya kukuongoza kutua, achana nayo kwanza, mshale wake unafika ukingoni kwa digrii 2.5 tu, kama huu wa VOR unakutoa jasho ule utakuliza.

Sasa maza. Mwambie kuna Mmarekani, Edwin Link, baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, New York, na mwaka 1929 alitengeneza mashine ya kufundishia urubani ikiyumba kwa mifuko ya upepo kama ya kwenye vinanda. Na yenyewe ilionekana mchezo, ikawekwa sana tu kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa ovyo kwenye hali mbaya ya hewa maana hawakujua kuruka kwa geji, ndo likanunua mashine 6. Mwambie kwa upole lakini, na vyombo uwe umeshaosha.

SWALI: Masaa ya simuleta ya nyumbani yanahesabiwa kwenye leseni? Na lazima ninunue usukani na pedali?

JIBU: Hayahesabiwi. Yanayohesabiwa ni ya mashine iliyoidhinishwa ukiwa na mwalimu, tena kwa kiasi tu. Usukani sio lazima, joistiki ya kawaida inatosha, ila kibodi hapana jamani, kwa kibodi hata mi naanguka.