Mafunzo ya uafisa wa magereza Uingereza: jibu kwa mdogo wangu aliyeko Mwanza

Mdogo wangu, umeniuliza kama ni kweli kwamba serikali ya Uingereza inawachukua Waafrika, inawafundisha kazi ya magereza kwa gharama zake na kuwapa makazi, na kama yule mtu anayekudai fedha ili akuingize katika mpango huo ni wa kuaminika. Nakujibu kwa maandishi ili uwaonyeshe na wenzako, kwa kuwa mafunzo hayo nimeyapitia na kazi yenyewe ndiyo ninayoifanya.

Mafunzo yapo, tena ni ya serikali, chini ya Wizara ya Sheria inayosimamia magereza ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Kuomba hakulipiwi hata senti moja, na maombi huyatuma mwenyewe kwa njia ya mtandao. Shahada haihitajiki. Kinachotakiwa ni umri usiopungua miaka 18 na, kabla ya mengine yote, haki ya kisheria ya kufanya kazi nchini humu. Hapo ndipo wengi wa nyumbani wanapokwama, na hapo ndipo vishoka wanapopatia riziki. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni wapo wageni waliodhaminiwa viza kwa kazi hii, hasa Wanigeria, wakiwemo waliokuwa tayari hapa kwa masomo. Lakini Julai 2025 serikali ilipandisha kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya kazi hadi pauni 41,700 kwa mwaka, ilhali afisa anayeanza nje ya London hupata kiasi cha pauni 33,000. Masharti haya hukazwa na kulegezwa kwa waraka mmoja tu wa serikali, kwa hiyo nakusihi usiuze kiwanja cha baba kwa kuyategemea. Makazi nayo hayatolewi: utapanga chumba kama mtu mwingine yeyote, na kodi itameza sehemu kubwa ya mshahara huo.

Umeniandikia kwamba umemaliza JKT, kwata unaijua na shabaha unayo. Nakupongeza kwa hilo kwa moyo wote, lakini hapa hayo hayaulizwi. Askari wetu wanaopita Chuo cha Magereza Kiwira hufundwa kama jeshi. Afisa wa huku habebi bunduki ndani ya gereza, na mafunzo ya awali ni ya majuma machache, si miezi ya depo. Mbio fupi za kwenda na kurudi zipo, kukaza kiganja kwenye kipimo kupo, na kushikilia ngao kupo, lakini watu wengi wanaojiandaa huyamudu. Wanaoangushwa huangushwa na usaili wa kuigiza. Unakaa mbele ya mwigizaji aliyejifanya mfungwa, amekunyima ushirikiano, anakupayukia kwamba simu yake kwa mtoto imekatwa na kwamba wewe ni sawa tu na wenzako waliomdharau. Wasaili wanachopima ni kama utamsikiliza hadi mwisho, kama utamweleza wazi kile usichoweza kumpa, na kama utabaki na msimamo bila kupandisha sauti. Anayejibu kwa amri tupu hafiki mbali. Baada ya hapo hufuata vipimo vya afya na upekuzi wa maisha yako yote, pamoja na vyeti vya polisi vya nchi ulizowahi kuishi, na upekuzi huo huchukua muda mrefu kiasi cha kukatisha tamaa.

Mshahara huanza tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na hilo ni jambo jema ambalo sitalificha. Kisha unaingia gerezani ukiwa katika mwaka wa majaribio, ukiwa na redio, kirungu, na funguo zilizofungwa kwa mnyororo kiunoni, ambazo hukaa ndani ya mfuko wake ili mfungwa asipate nafasi ya kulikariri umbo lake. Mimi ni mwanamke na ninafanya kazi katika gereza la wanaume, jambo ambalo mama hadi leo halimwingii akilini, ingawa hapa ni la kawaida kabisa. Kwa utaratibu uliowekwa, kila afisa hupewa wafungwa wapatao sita wa kuwafuatilia kwa karibu, na kila mmoja anastahili dakika 45 za mazungumzo kwa juma. Nikipata dakika hizo naipenda kazi yangu kuliko ninavyoweza kukueleza. Tatizo ni kwamba zamu ikipungukiwa watu, mazungumzo hayo ndiyo ya kwanza kufutwa.

Lipo pia jalada la rangi ya chungwa. Mfungwa akionekana kuwa katika hatari ya kujidhuru, hufunguliwa jalada hilo, na afisa hupaswa kumtembelea kwa vipindi vilivyopangwa, usiku na mchana, kuzungumza naye na kuandika kwa mkono wake alichokiona. Sahihi yako ikiwa pale, na wewe hukufungua kile kidirisha cha mlango, mfungwa huyo akifa utajibu mbele ya mchunguzi wa vifo. Mzigo wa namna hiyo huwezi kuusimulia nyumbani, kwa kuwa siri za watu hao hazitoki getini.

Hatari ipo, wala usidanganywe na sare nadhifu. Mwaka 2024 mashambulio dhidi ya watumishi wa magereza ya England na Wales yalizidi 10,000. Baadhi ya magereza ni makuukuu. Pentonville ilifunguliwa mwaka 1842 na Wandsworth mwaka 1851, na selo zilizojengwa kwa mtu mmoja hulaza wawili, choo kikiwa humo humo. Msongamano ulifikia hali ambayo Septemba 2024 serikali ilianza kuwatoa baadhi ya wafungwa baada ya kutumikia asilimia 40 ya kifungo. Maafisa wengi huacha kazi kabla hawajaizoea, na siwalaumu.

Kama siku moja utakuwa hapa kihalali, kwa masomo au kwa familia, na viza yako ikakuruhusu, niambie, nami nitakaa nawe tufanye mazoezi ya ule usaili mpaka uweze kutukanwa bila kutikisika. Kwa sasa, tangazo la Jeshi la Magereza likitoka hapo nyumbani, omba. Na huyo mtu usimpe shilingi. Kama ameshachukua, hifadhi ujumbe wake wote na risiti za miamala ya simu, uende nazo polisi juma hili hili kabla hajabadilisha namba.