Mwambie Mapema: kwa wanaosimamia wafanyakazi wa hoteli Malindi

Meneja wa hoteli hapa Malindi akizungumzia hali njema ya wafanyakazi, mara nyingi anakusudia sherehe ya mwisho wa mwaka: mbuzi, spika kubwa, fulana zenye jina la hoteli. Sina ugomvi na pilau. Lakini katika miaka niliyosimamia watu wa vyumba na wa jikoni, kilichokuwa kikiwakondesha si kukosa sherehe. Ni kutojua. Mtu hajui mshahara utaingia lini, hajui ofu yake ni siku gani, na kubwa zaidi, hajui kama mwezi wa tano atakuwa na kazi.

Sote twaujua mji huu. Pasaka ikipita Waitaliano huondoka, mvua huanza, kusi huvuma, na hoteli nyingi hufunga hadi karibu na Julai. Hilo halina dawa. Lenye dawa ni ule mtindo wa kumwita mtu ofisini mwisho wa Aprili na kumwambia, "Tutakupigia simu." Wakati huo amekwisha kopa kwenye chama, amelipa nusu ya karo, na mwenye nyumba huko Maweni anamsubiri na kodi yake.

Katika hoteli tuliyokuwa, tulianza kukaa na wafanyakazi mwezi wa pili. Tuliwaonyesha bukingi zilizopo, tukasema wangapi watabaki kwa ulinzi na ukarabati, wangapi watakwenda likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na zikihifadhiwa kwa ajili ya kusi, huziba karibu mwezi mzima. Waliobaki walipokezana, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi. Hakuna aliyeshangilia. Lakini aliyetaka kurudi Kaloleni kulima alijua arudi lini, na aliyetaka kuuza viazi karai barabarani alipata muda wa kutafuta mtaji.

Ukipunguza watu kabisa, usiiite likizo. Hapo kuna notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Na kama hoteli yako ina mkataba na KUDHEIHA, chama cha kutetea wafanyakazi wa hoteli, usome kwanza, kwani huenda unatoa zaidi ya hapo.

Ratiba ya zamu ibandikwe wiki mbili kabla. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni sheria, hata Desemba, ingawa Desemba ndipo wengi wetu tunapojifanya hatuijui. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asipangwe jikoni saa ya kufuturu. Wakristo humshikia zamu, naye huwashikia Krismasi na Pasaka. Mpango huo waachie wenyewe. Wanajuana kuliko ofisi inavyowajua. Anayetoka kazini saa tano usiku, hasa mwanamke, alipiwe tuktuk mpaka kwake. Hiyo si hisani.

Lipo jambo ambalo Malindi hatupendi kulitaja. Mgeni anamfungulia msichana wa vyumba mlango akiwa na taulo tu, anacheka, anamwonyesha noti. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kisheria awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na nimeona sera nyingi nzuri zikilala kwenye faili. Sisi tulikubaliana hivi: msichana akisema chumba fulani haendi, haulizwi kwa nini mbele ya wenzake. Wanakwenda wawili, au anakwenda mwanamume, na meneja mwenyewe ndiye anayezungumza na mgeni. Kuna mgeni aliyehama kwa hasira, na mwenye hoteli akanuna juma zima. Lakini baada ya hapo wasichana wakaanza kutuambia mambo, yakiwemo ya wapishi wetu wenyewe, ambayo tusingeyasikia kamwe.

Ugonjwa nao una sheria yake: aliyetumika miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, akileta cheti cha daktari. Waambie. Wengi huja kazini na homa kwa sababu hakuna aliyewaambia, na mpishi mwenye homa si hatari kwake peke yake.

Na akija mtu kuomba advansi ya pili ndani ya mwezi mmoja, usimhubirie habari za kuweka akiba. Muulize nani anaumwa nyumbani, au nani anamdai. Ikiwa anaomba advansi kwa sababu mshahara wa mwezi uliopita bado hujamlipa, basi anza hapo, na mengine yote niliyoyaandika yasubiri.