Usimtambue Kambare kwa Madoa Yake

Nyumba isiyo na mkubwa husemwa kuwa ni nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, na mtoto naye ana ndevu. Nimeukumbuka msemo huo mara nyingi tangu nilipoanza kufuga samaki wa mapambo hapa Tudor, Mombasa, kwa sababu unaeleza vyema taabu ya mtu aliyeuziwa kambare asiyemjua. Ndevu wanazo wote, kwa hiyo kuziona tu hakumsaidii. La kutazama ni idadi yake na namna zilivyo. Hilo nililijua baada ya karibu miaka miwili ya kumwita samaki wangu kwa jina lisilo lake.

Nilimnunua katika duka moja mjini, akiwa na urefu wa kidole cha shahada, na muuzaji akanihakikishia kwamba huyo ni kambare anayeogelea chali. Samaki wa namna hiyo yupo kweli, jina lake la kitaalamu ni Synodontis nigriventris, asili yake ni bonde la mto Kongo, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo kwa kuwa tumbo ndilo linalotazama juu. Hukomea kama sentimita 10. Wangu alijibandika chali chini ya gogo tangu usiku wa kwanza, nami nikaona ushahidi umetosha. Lakini mwaka wa pili alifika sentimita 17, chali akawa haogelei tena ila mara mojamoja, na wale samaki wadogo wa rangi niliowaweka pamoja naye katika tangi la lita 80 wakawa wanapungua usiku bila mizoga kuonekana.

Kosa langu lilikuwa kulinganisha rangi. Nilikaa na simu nikitafuta picha yenye madoa kama yake, na kila baada ya miezi michache nikampa jina jipya, kwa sababu madoa yenyewe yalikuwa yakibadilika. Kambare wengi wa jamii hii huwa na mistari iliyosokotana wakiwa wachanga, kisha mistari hiyo hukatika ikawa madoa wanapokua. Hata kuogelea chali si kitambulisho, kwani ndugu zake kadhaa hufanya hivyo wakipata kivuli. Wamisri wa kale waliwachora kambare wa Mto Nili katika makaburi yao wakiwa wamegeuka matumbo juu.

Aliyenifungua macho ni fundi wa mabomba aliyekulia Mwanza, ambaye alikuja kutengeneza bomba la jikoni akasimama mbele ya tangi. "Bwana, huyu ni gogogo," akasema. "Mtoe majini utamsikia mwenyewe." Nilipomtoa, samaki alikwaruza kwa sauti kavu, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu, na fundi akacheka. Sauti hiyo haitoki mdomoni. Mwiba wa pezi la kifuani una mikwaruzo kwenye shina lake, na samaki anapouzungusha ndani ya tundu la mfupa wa bega, mifupa husuguana. Jina gogogo linasikika kama mwigo wa mlio huo, na kwangu mimi jina hilo lilifaa kuliko yote niliyoyapata kwenye simu, kwa sababu lilinipeleka moja kwa moja kwenye jenasi ya Synodontis, ambayo ina spishi zaidi ya 100, zote za Afrika.

Ila nilimtoa vibaya, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asikilize. Nilitumia wavu. Gogogo akiogopa husimamisha miiba mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya kifuani, na kuifunga imara isikunjike. Miiba ya kifuani ina meno kama msumeno. Ilinasa kwenye nyuzi, nikatumia robo saa nikikata wavu kwa mkasi wa kucha huku mke wangu akimmwagia samaki maji kwa kikombe. Tangu siku hiyo namsukumia ndani ya mkebe wa plastiki unaoonyesha kilichomo ndani, na simshiki kwa mkono mtupu. Wanaojua uchungu wa mwiba wa hongwe wa baharini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mkebe huo huo ndio mahali pazuri pa kumtambulia. Uwe mwembamba kiasi kwamba samaki hawezi kugeuka, uwekwe rula nyuma yake, kisha apigwe picha ya ubavu mzima, ya kichwa kutoka juu, na ya mdomo kutoka chini. Mimi huanza na mdomo. Gogogo ana jozi tatu za ndevu, na jozi mbili za chini zina matawi madogo kama unyoya mchanga. Ukiyaona matawi hayo unaweza kuwaweka kando kambare wengi wengine mara moja. Kambare mumi, yule wa mabwawa na mito yetu, ana jozi nne zisizo na matawi. Baada ya mdomo natazama mgongo. Gogogo ana pezi fupi lililosimama, na nyuma yake pezi la pili nene, lisilo na miba, lenye nyama. Mumi hana pezi hilo la pili. Pezi lake la mgongoni ni moja refu linaloendelea hadi karibu na mkia. Ukiona hivyo, usiendelee kumtafutia jina la kifahari, mtafutie bwawa, kwani hukua akapita mita moja.

Wale wa mdomo wa kunyonya kioo, wenye mwili wa vigae vya mfupa, ni jamii nyingine kabisa kutoka Amerika Kusini. Hao huhesabiwa miale, yaani vijiti vinavyolishikilia pezi la mgongoni: ikiwa 10 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa ni Pterygoplichthys, ambaye atalizidi tangi la sebuleni.

Kwa wangu, kilichobaki kilikuwa kujua ni gogogo yupi. Miale ya pezi lake la mgongoni imerefuka ikachomoza kama manyoya, jambo linalomwelekeza kwa Synodontis eupterus wa Nili, Chad, Niger na Volta, anayefika kama sentimita 30. Jibu hilo lina uzito wake. Angekuwa multipunctatus wa Ziwa Tanganyika, maji yetu ya kisima yenye madini mengi yangemfaa vizuri; na angekuwa nigriventris, lita 80 zingemtosha. Eupterus anahitaji tangi kubwa na samaki wenzake wasioingia mdomoni. Joto halinisumbui, maana Mombasa hatununui kipasha maji, kinachonisumbua ni pampu ya hewa inapozimika stima ikipotea usiku. Kumpeleka mtoni sikufikiria kabisa, kwa sababu mito yetu ya Tana na Sabaki ina gogogo wake, na huyu ni mgeni.

Nimemhamishia katika tangi la lita 300. Mfupa ulio nyuma ya shavu lake, ambao wataalamu huutumia kutofautisha spishi hizi, ni mpana kuliko ule wa eupterus niliyemlinganisha naye, na madoa yake ya mkiani hayakupangika vile. Mashamba ya samaki wa mapambo huzalisha machotara wengi wa jamii hii na kuwauza kwa jina lolote linalonunulika. Kwa hiyo karatasi niliyobandika kwenye kioo imeandikwa "Gogogo, eupterus, huenda chotara", pamoja na tarehe na kipimo cha mwisho, sentimita 21.