Fundi Mtandao: QoS nimewasha, mbona simu bado inakatakata?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, na laini ya faiba. Kijana wangu akianza kuwatumia wateja video za harusi, simu ya WhatsApp na mume wangu aliye Bujumbura inakatakata. Nimewasha QoS, ule mpangilio wa kuamua data ipi itangulie, kwenye ruta, nikaiweka simu juu kabisa, lakini wapi! Nimeuziwa ruta mbovu?
— Mama Stesheneri

JIBU: Ruta ni nzima, mama. Tatizo ni kwamba umeweka kipaumbele pasipo na foleni. Ruta inasukuma data haraka kwenda kwenye kile kisanduku cha faiba ukutani, na hapo ndipo inapobanwa. Pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinajazana mle, na kisanduku hakijui simu wala video. Megabaiti 1 ya video ikitangulia kwenye laini inayopakia megabiti 4 kwa sekunde, inakula sekunde 2 nzima (baiti 1 ni biti 8). Mumeo keshasema “haloo” mara tatu.

Asubuhi kabla ya wateja, chomeka kompyuta kwa waya upime kasi ya kupakia. Ukipata 4, rudi kwenye QoS, kile kijisehemu cha kasi ya juu ambacho wengi hukiacha kitupu, uandike 3.5. Kasi itapungua kidogo, ila foleni itahamia ndani ya ruta, na huko ndiko amri yako inakosikika. Ukiona chaguo la fq_codel, chukua hilo. Linagawa zamu lenyewe. (Wenye 4G poleni: kasi yenu hupanda na kushuka, kipimo cha asubuhi jioni hakifai.)

Waifai ina mambo yake. Hewani kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinatuma. WMM, mpangilio wa kipaumbele wa waifai, hugawa data mafungu manne: sauti, video, kawaida na ya chinichini. Pakiti ya sauti husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kujaribu, basi. Aliyekwisha kuanza kutuma hakatishwi. Na usiizime WMM hata ukishauriwa: ruta ya 802.11n (kizazi kimojawapo cha waifai) ikizimwa hiyo hurudi kwenye megabiti 54 kwa sekunde.

Kwa hiyo kompyuta ya kijana ivutie waya mpaka kwenye ruta. Waifai iachie simu.