Umepata kazi ya stoo? Usisaini kabla hujahesabu

Mkuu, umeuliza uvae nini siku ya kwanza kazini; habari ya mavazi iache kwanza. Umeandika unaanza Jumatatu stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na anayeondoka kakwambia usaini makabidhiano "usionekane humwamini". USISAINI. Ukishasaini, saruji aliyoipoteza yeye imepotea mikononi mwako.

Na huyo aliyekujibu kwa methali ya "ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho", mwambie deni la upotevu alilipe yeye. Ungekuwa umeajiriwa pamoja na wenzako kumi, mkafundishwa pamoja, mngeulizana. Wewe unaingia peke yako, mwalimu wako ni mtu mmoja, tena anayetaka kuondoka kabla hesabu haijafanyika. Atakachokiita "utaratibu wa hapa" ni njia zake za mkato. (Usiniulize nimejuaje. Mshahara wangu unajua.)

Hesabuni wote wawili, duka likishafungwa, kisiingie wala kutoka kitu. Saruji ipangwe upya. Ukihesabu safu za mbele na kuzidisha, katikati ya rundo huenda kuna shimo. Mifuko iliyoganda iandikwe kando. Nondo usipokee kwa vifungu. Fungua, pima unene: ya milimita 10 ikichanganywa na ya 12 jicho halioni, ila kwa urefu wa mita 12 moja ina kilo kama 7.4, nyingine 10.7. Misumari ya boksi lililofunguliwa ni mizani tu. Ndoo za rangi nyanyua moja moja, maana tupu iliyofunikwa vizuri inafanana na iliyojaa.

Linalowamaliza wengi ni mali iliyolipiwa ambayo mteja hajaichukua. Ipo stoo, unaihesabu, inatimia, unasaini ukicheka. Wiki ijayo mteja huyo anakuja na risiti na kirikuu. Dai orodha ya risiti hizo zote, pamoja na vitu bosi alivyochukua kwa agizo la mdomo tu, bila maandishi.

Wakikulazimisha, andika juu ya sahihi yako "mali haijahesabiwa", weka tarehe, piga picha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa sisi wa Tanzania Bara, inataka upewe taarifa ya maandishi na nafasi ya kupinga kabla ya kukatwa kwa ajili ya upotevu, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa utapinga nini, na sahihi yako iko chini ya namba zake?

Watanuna, ndiyo. Nenda na tochi. Taa za stoo nyingi ni za kubahatisha.